Gari linanuka petroli na hakuna panapovuja: namna ya kusaka hitilafu ya mvuke kwenye gari la zamani

Harufu ya petroli ina saa zake, na saa hizo ndizo zinazokuonyesha pa kuanzia. Mteja akija hapa gereji, Unga Limited, akasema "fundi, gari linanuka mafuta", sikimbilii boneti. Namuuliza linanuka lini. Likitoka sheli? Likiegeshwa juani saa nane mchana? Kwenye foleni, au asubuhi kabla hujapiga stata? Wengine hukereka, maana wamekuja kutengenezewa gari, hawakuja kuhojiwa. Lakini mama mmoja wa Usa River alinipa jibu ambalo mashine ya kupimia isingenipa: "Mwanangu, nikitoka kujaza mafuta kuliwasha ni vita, linakohoa na kunuka. Siku nyingine zote halina neno." Hapo hapo nilijua naanza na valvu ipi. Nitaifikia.

Haya ninayoandika yanahusu magari ya petroli tunayoyaona kila siku Arusha: Corolla 110, RAV4 za Kilitime, Noah, Escudo, X-Trail za mwanzo. Wenye dizeli hayawahusu.

Kwanza hakikisha si petroli yenyewe inayovuja. Petroli mbichi huacha alama: vumbi lililolowa juu ya tenki, mpira wenye unyevu, doa chini ulipoegesha. Nyanyua kiti cha nyuma, na kama pampu ya mafuta inafikiwa kwa juu, papasa kuzunguka sili yake. Kagua shingo ya kujazia mafuta. Ile ya chuma huoza nyuma ya tairi, pale tope linapojikusanya bila mtu kuliona. Fuata mipira ya mafuta hadi kwenye injekta. Ukikuta unyevu popote, gari lisiwashwe hata kwa safari ya kurudi nyumbani. Rekebisha hapo kwanza.

Kukiwa kukavu kote na harufu ipo, unashughulika na mvuke.

Petroli hutoa mvuke muda wote, na joto linauongeza. Tenki lisingekuwa na njia ya kupumua lingevimba mchana na kubonyea usiku. Kwa hiyo mvuke unaondoka kwa mpira mwembamba hadi kwenye kopo jeusi lililojaa punje za mkaa. Kwenye maduka ya spea uliza kanista. Mkaa unaushika mvuke, na hewa inatokea kwenye tundu lake la kupumulia. Injini ikishapata moto na gari likitembea, kompyuta inafungua valvu ndogo ya umeme, ambayo kwa Toyota huitwa VSV. Injini inavuta hewa safi kupitia kwenye mkaa, hewa inauzoa mvuke, unakwenda kuungua kama petroli nyingine yoyote. Basi, mfumo wote ndio huo. California waliudai kwa magari ya mwaka 1970, Marekani nzima ikafuata kwa ya 1971, kwa sababu mvuke wa petroli ukipigwa na jua unachangia ule ukungu mchafu wa mijini. Mteja wa hapa ukimweleza ukungu wa California atakutazama tu. Mwambie ni mafuta aliyoyalipia yanayoondoka akiwa amelala.

Sasa kuna jambo ambalo vijana waliojifunzia kwenye video za Kimarekani hawalijui. Huko, tangu katikati ya miaka ya 1990, gari linalazimika kujipima lenyewe. Likikuta tundu la milimita moja kwenye mfumo wa mvuke linawasha taa ya cheki injini, na baadaye kipimo kikashushwa hadi nusu milimita. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani, na mengi ya umri huu hayana sensa ya presha ya tenki wala valvu ya kuufunga mfumo ili ujipime. Mpira wa mvuke unaweza kuwa umekatika kabisa, na taa isiwake milele. Mtu akichomeka mashine, akakuta pako kimya, akakwambia mfumo wa mvuke ni mzima, hajapima kitu. Gari la namna hii hupimwa kwa pumzi, kidole gumba na sikio.

Fanyia kazi nje, kwenye upepo, usifanyie juu ya shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unateremka shimoni na kukaa humo ukisubiri cheche. Jirani akiwa anachomelea geti, mwombe amalize kwanza. Sigara sina haja ya kuisema.

Likisumbua ukitoka sheli

Hapa ndipo kwa yule mama wa Usa River. Tafuta VSV kwa kufuata mpira mwembamba unaotoka karibu na throto bodi, lile lango la hewa ya injini, au kwenye manifoldi, mabomba yanayoigawa hewa hiyo. Mpira huo unaingia upande mmoja wa valvu, na upande wa pili unatoka mwingine kwenda kwenye kopo la mkaa. Washa injini ikiwa baridi, iache kwenye silensa, yaani iungurume bila kukanyagwa mafuta. Chomoa mpira unaokwenda kwenye kopo, kisha ziba mdomo wa valvu kwa kidole gumba. Injini ikiwa baridi valvu hutakiwa iwe imefunga, kidole kisivutwe hata kidogo. Kikivutwa, na ukikiondoa silensa ikabadilika, valvu imekwama wazi.

Ndiyo maana linasumbua baada ya kujaza tu. Mafuta yanapoingia tenkini yanausukuma nje mvuke uliokuwamo, kopo linajaa. Ukipiga stata, injini inaumeza mvuke huo kwa mkupuo kupitia valvu isiyofunga. Petroli inazidi hewa, gari linakohoa na kutoa moshi mweusi kidogo. Wengi wakifika hapa hubadilishiwa plagi, kisha pampu ya mafuta, na tatizo linabaki pale pale. Ukikwama sheli siku hiyo, kanyaga pedali ya mafuta hadi chini huku ukipiga stata ili hewa iingie nyingi, likishika iachie taratibu. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Ifungue VSV uipeleke mezani, mbali na gari. Weka multimita kwenye ohm. Ikisoma karibu na 30 sina ugomvi nayo, kwa Toyota nyingi za kipindi hicho. Isiposoma kabisa, au ikisoma sifuri, koili imekufa. Puliza bila umeme: hewa isipite. Ipe volti 12: inapiga "tak!" moja kavu na hewa inapita. Kata umeme: inafunga. Ile ya mama ilipiga tak vizuri kabisa, ndiyo maana fundi mwingine alikuwa ameipitisha, lakini ukiipuliza ikiwa haina umeme hewa ilipita. Niliigonga juu ya karatasi nyeupe. Zikadondoka punje nyeusi, ngumu, zenye ukubwa wa chembe za sukari.

Punje hizo ni mkaa wa kwenye kopo, na hapa ndipo kazi inapofanywa nusu nusu na mafundi wengi. Wanaweka VSV mpya, gari linapona, wateja wanashukuru, na baada ya muda linarudi na ugonjwa ule ule. Punje zikionekana kwenye valvu, kopo limepasuka ndani. Litatema nyingine. Badilisha kopo, puliza paipu yote iliyo kati ya kopo na injini mpaka karatasi nyeupe ibaki nyeupe, ndipo uweke valvu.

Ukitaka kujua kopo linakufa vipi, simama sheli uangalie. Bunduki inakata, anayejaza anaendelea kuminya kidogo kidogo ili hesabu itimie elfu hamsini kamili. Mwenye gari naye ameshuka, analitikisa ili liingie jingine. Petroli inapanda hadi kwenye mpira wa mvuke na kumiminika kwenye mkaa, ambao uliwekwa kwa ajili ya mvuke, si petroli mbichi. Bunduki ikikata mara ya kwanza, lipia hapo hapo hata kama chenji itasumbua.

Kupima kopo: chomoa mipira yake. Puliza kwenye mdomo wa upande wa tenki kwa kipande cha mpira safi, au kwa pampu ya mkono. Usivute kamwe. Hewa itoke kirahisi kwenye tundu la kupumulia. Ukikutana na ugumu, limeziba. Zikitoka punje, limekufa. Ukikuta petroli inadondoka ndani yake, lilizamishwa. Kuna watu wanaliosha kwa maji, wengine kwa petroli, wanalianika juani na kulirudisha. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinakataza kuliosha, na vina haki.

Likinuka likiwa limeegeshwa

Anza na mfuniko wa tenki, maana ndio rahisi. Tazama mpira wa mviringo ulio ndani yake: ukiwa na nyufa, umekuwa bapa au umekakamaa, tafuta mwingine. Mfuniko uliobadilishwa baada ya ule wa awali kuibiwa unahitaji kuangaliwa mara mbili. Unaweza kushika vizuri kwenye uzi lakini usikae sawa kwenye mdomo. Nimeona na matambara yaliyofungwa kwa kamba. Wenye hayo wanajua wenyewe.

Kisha mipira. Ikunje kwa vidole, hasa karibu na klipu, uone kama inafunguka nyufa. Unapobadilisha nunua mpira wa petroli. Ule mwangavu wa maji unakakamaa na kuchomoka, na ni huo huo ninaokuta umewekwa kila mara.

Ukiwa bado hujaona kitu, pima kama mfumo unashika presha. Mashine ya moshi, inayosukuma moshi ndani ya mfumo uone unapotokea, ni nzuri ukiwa nayo, ila ile ya kujitengenezea kwa kopo la bati, oili na plagi ya kupashia moto sitaki kuiona karibu na tenki la petroli. Na kompresa ya tairi usiiguse kabisa: ina presha ya psi 100 na zaidi, wakati unachohitaji ni nusu psi. Mimi natumia mpira wa levo, ule mwangavu ambao mafundi ujenzi wanapimia usawa wa msingi.

Kata mita mbili hivi, uufunge kwenye ubao kwa umbo la U lililosimama. Tia maji yenye rangi kidogo hadi yabaki sentimita 25 chini ya midomo ya mpira, pande zote mbili, na chini yake uwepo urefu wa kutosha wa maji kushuka. Upande mmoja uache wazi. Upande wa pili uunge kwa kiungio cha T: tawi moja liende kwenye mpira unaotoka tenkini, ule uliouchomoa kwenye kopo, na jingine kwenye pampu ya baiskeli, katikati ukiweka kibanio cha kuuziba. Tenki liwe na mafuta nusu au zaidi, ili hewa ya kusukuma iwe kidogo. Funga mfuniko. Pampu polepole hadi maji ya upande mmoja yawe juu ya mengine kwa sentimita 35, ambayo ndiyo nusu psi, kisha bana. Uzuri wa kifaa hiki ni kwamba ukizidisha maji yanaruka nje yenyewe tofauti ikifika sentimita 50, kwa hiyo huwezi kuliumiza tenki kwa papara.

Sasa tazama maji. Yakirudi sawa papo hapo, au yakikataa hata kupanda, kuna tundu kubwa: mfuniko, mpira uliochomoka, shingo iliyooza. Yakishuka kwa kuvuta miguu, ni ufa mdogo. Yakitulia kwa dakika kadhaa, upande wa tenki ni mzima, hamia kwenye kopo na mipira ya mbele. Kipimo hiki kifanyike asubuhi, gari likiwa limelala na tenki limepoa. Mchana jua likipiga, mvuke unaongezeka na kuyapandisha maji hata kama kuna ufa, nawe utadhani mfumo unashika. Ufa uutafute kwa povu la sabuni na brashi: kuzunguka mfuniko, shingo, sili ya pampu, kila klipu. Povu litapiga mapovu. Pasipofikika, weka ncha ya kipande cha mpira pale na ncha nyingine sikioni. Usiku wa Arusha wa mwezi wa saba, gereji ikiwa kimya, unasikia hata tundu la pini.

Likipiga "fyuuu" ukifungua mfuniko

Sauti kidogo ni kawaida. Ikiwa ndefu, na hewa inaingia badala ya kutoka, tenki lilikuwa linakabwa: njia ya hewa safi imeziba. Ukishuka kutoka Arusha kwenda Moshi utaiona wazi zaidi. Hapa tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, Moshi iko chini kwa mita mia kadhaa, na hewa ya kule ni nzito zaidi. Tenki lisilopumua linapungukiwa mafuta huku hewa ya nje ikilibana zaidi kadiri unavyoshuka. Dereva anafika Boma Ng'ombe gari linavuta kwa shida, anasimama, anafungua mfuniko, fyuuu, anaendelea na safari kama kwamba hakukuwa na kitu. Matenki mengine nimeyakuta yamebonyea.

Angalia tundu la chini la kopo, na mpira wake wa kupumulia kama upo. Vumbi la Muriet na Kisongo linatosha kuliziba, lakini mhalifu ninayemkuta mara nyingi kwenye magari yanayolala nje ni nyigu wa udongo. Anajenga humo kiota kigumu ambacho hakitoki kwa kupuliza, kitoe kwa waya. Si hapa tu: mwaka 2011 Mazda waliyarudisha gereji magari ya Mazda6 huko Marekani kwa sababu buibui walikuwa wakisuka utando kwenye mpira huo huo. Dalili nyingine ya kuziba ni bunduki ya sheli kukata kata wakati tenki bado halijajaa.

VSV isiyofungua kabisa

Hii haina fujo, ndiyo maana haigunduliki. Kopo linajaa, halinyonywi, mvuke unatokea chini. Injini ikiwa moto, chomoa tena mpira wa upande wa kopo, ziba mdomo wa valvu kwa kidole, mtu akanyage hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Kidole kivutwe kwa vipindi. Kisipovutwa, chomoa soketi ya umeme: swichi ikiwa imewashwa, waya mmoja uwe na volti 12. Kompyuta ndiyo inayofunga upande wa negativu. Volti zikikosekana fuata waya kabla ya kulaumu kompyuta, na wanaokaa karibu na mashamba ya mahindi watazame panya walipopita. Usisahau kuchungulia kama mpira mwenyewe haujaziba kwa punje.

Mwenye gari la Marekani, yapo machache hapa mjini, atapata namba kwenye mashine. P0443 ni umeme wa valvu ya kunyonya mvuke. P0441 ni kwamba mvuke haunyonywi inavyotakiwa. P0446 ni upande wa valvu ya kupumulia. P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 mdogo, P0456 mdogo zaidi. Namba inataja mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe kwa vipimo hivi hivi. Ukishatengeneza, usifute namba na kumkabidhi mtu gari jioni ile. Gari hilo hujipima likiwa limelala na kupoa, tenki likiwa kati ya robo na robo tatu hivi. Lisubiri. Na wanaosingizia mwinuko wa Arusha, mengi hayakatai kujipima hadi yakaribie mita 2,400 juu ya bahari.

Kuna ninaowagombeza waziwazi: wanaobaipasi. Wanatoa kopo, wanapiga bolti kwenye mpira wa tenki, au wanauacha ukining'inia karibu na ekzosi, na kumwambia mteja "hiki kidude hakina kazi". Bolti inalikaba tenki. Mpira ulioachwa wazi unamwaga mvuke chini ya gari penye joto. Gari la hivi likifika kwangu siendelei na lolote kabla ya kurudisha kopo.

Kwenye Corolla nyingi za miaka ya 90 kopo hukaa chini ya boneti; magari ya baadaye limesogezwa nyuma karibu na tenki, kwa hiyo usikate tamaa ukiona nafasi tupu mbele. Kanista ya mtumba si vibaya, ila ipimie pale pale dukani kabla hujatoa hela. Inyanyue: ikiwa nzito isivyo kawaida, ina petroli. Inuse. Puliza upande wa tenki ukiwa umeshika kiganja kwenye tundu la kupumulia, kisha tazama kiganja. Kikiwa na weusi, au ukilitikisa ukasikia punje zinatembea ndani, lirudishe rafuni umwambie akutafutie jingine.